Sura ya Sita: Chuo cha Wahandisi wa Mwanga

Wazazi huniuliza, wanafunzi wa kidato cha sita huniuliza, hata vijana wanaofunga kamera za ulinzi madukani huniuliza: uhandisi wa mwanga ndiyo kazi gani? Wahandisi wa ujenzi tunaziona barabara zao. Wa umeme tunawajua, umeme ukikatika ndio tunaowatafuta. Lakini mwanga? Mtu anakaaje darasani miaka mitano akisoma mwanga, na akitoka huko nani atamwajiri?

Swali ni zuri, na majibu yanayozunguka mtaani mara nyingi si sahihi. Wapo wanaodhani ni mpima macho. Wapo wanaodhani ni fundi wa taa za jukwaani. Ili tusiishie kwenye maelezo matupu, sura hii itakaa na chuo kimoja: Institut d'Optique, kilichoko Palaiseau, kusini-magharibi mwa Paris, chenye matawi mengine mawili katika miji ya Saint-Étienne na Bordeaux. Hakifundishi sheria, udaktari wala ujenzi. Kinafundisha mwanga. Kimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na kazi za waliopita pale zimefika hadi kwa watu wasiowahi kulisikia jina lake, pengine na kwako wewe unayesoma ukurasa huu kwa miwani.

Mwanga unasomewa vipi?

Tuanze na maneno mawili. Optiki ni elimu ya tabia za mwanga: unavyosafiri, unavyopinda ukiingia majini au kwenye kioo, unavyorudi ukigonga uso unaong'aa. Fotoniki ni elimu ya kuufanyisha mwanga kazi: kuuzalisha, kuuelekeza, kuupima, kuubebesha habari. Jina hilo limetokana na fotoni, yaani kipande kidogo kabisa cha mwanga.

Sasa chukua kile kifaa kidogo ambacho wauguzi hukibana kwenye ncha ya kidole cha mgonjwa, kilichopata umaarufu wakati wa Uviko-19. Ndani yake mna taa mbili ndogo. Moja hutoa mwanga mwekundu, nyingine hutoa infraredi, mwanga ulio ng'ambo ya wekundu ambao jicho haliuoni. Damu iliyobeba oksijeni nyingi huupitisha mwanga mwekundu kwa urahisi na kuumeza zaidi ule wa infraredi. Damu iliyopungukiwa hufanya kinyume. Upande wa pili wa kidole kuna kipokezi kinacholinganisha mianga hiyo miwili na kutoa asilimia. Hakuna sindano wala tone la damu.

Anayekibuni kifaa hicho lazima ajue mambo manne kwa pamoja: taa zipi zitumike, nyama ya mwili inautawanyaje mwanga, kipokezi kina usikivu kiasi gani, na hesabu ipi itatenganisha mpigo wa damu na mtikisiko wa mkono. Kwa sehemu kubwa hayo manne ndiyo ratiba ya masomo ya mhandisi wa mwanga.

Kifaa hichohicho kina kasoro ambayo haina budi kutuuma. Imeonekana hospitalini kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wenye ngozi nyeusi husoma oksijeni juu kuliko ilivyo kweli. Rangi ya ngozi nayo humeza mwanga, na vifaa vingi vilirekebishwa kwa kupimwa zaidi kwenye ngozi nyeupe. Mgonjwa anayehitaji oksijeni anaweza kuambiwa yuko salama. Kwa anayeuliza fotoniki inatuhusu nini sisi, jibu moja ni hilo. Vipimo vya miili yetu vinabuniwa na wanaoujua mwanga, na wabunifu hao wasipotoka kwetu, au wasipotufikiria, makosa yatakuja kutukuta wodini.

Kuhusu njia ya kuingia, Ufaransa ina utaratibu wake. Kijana akimaliza sekondari hukaa miaka miwili kwenye madarasa ya maandalizi akipigishwa hesabu na fizikia asubuhi na jioni, kisha hufanya mtihani wa ushindani. Akifaulu husoma chuoni miaka mitatu na kutoka na shahada ya uhandisi ya ngazi ya uzamili. Wapo pia wanaosoma kwa uanagenzi, wakigawa muda kati ya chuo na kampuni inayowalipa mshahara.

Pengo lililofichuliwa na vita

Kabla ya 1914, Ujerumani ilikuwa imewaacha wengine mbali katika vioo vya lenzi. Mji wa Jena ulikuwa umekutanisha watu watatu wenye vipaji tofauti. Carl Zeiss, fundi, alifungua karakana yake mwaka 1846. Ernst Abbe, mwanafizikia, alionyesha kwamba hadubini inaweza kubuniwa kwa hesabu badala ya kubahatisha lenzi moja baada ya nyingine. Otto Schott, mkemia, alianza mwaka 1884 kuyeyusha vioo vya aina mpya ambavyo hesabu za Abbe zilivihitaji. Nchi nyingine ziliona ni nafuu kununua kwao.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, muuzaji akawa adui. Jeshi lilihitaji darubini za mkononi, periskopu za nyambizi, vipima umbali vya mizinga na lenzi za kamera za ndege za upelelezi, tena kwa wingi na kwa haraka. Ufaransa haikukosa wanasayansi. Ndiyo nchi ya Augustin Fresnel, aliyebuni lenzi za minara ya kuongozea meli karne moja kabla. Ilichokosa ni watu wa katikati: wahandisi wa kuichukua nadharia na kuigeuza mchoro wa lenzi ambao kiwanda kinaweza kuutengeneza mara elfu bila kuharibu.

Aliyelisukuma wazo la chuo ni Armand de Gramont, mtu wa ukoo wa kikabaila, rafiki wa mwandishi Marcel Proust. Angeweza kuishi kwa starehe za ukoo wake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vyombo vya kupimia, na alianzisha pia kampuni ya lenzi na vyombo vya jeshi. Uamuzi wa kuunda taasisi ulifikiwa mwaka 1917, vita vikiendelea, na mwaka 1920 wanafunzi wakaanza kupokelewa.

Taasisi ilipangwa iwe na sehemu tatu: chuo cha wahandisi, maabara ya utafiti na vipimo, na shule ya ufundi ya kufundisha mafundi wa lenzi. Hiyo ya tatu ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Huku kwetu mara nyingi tunaanzisha chuo kikuu peke yake, tunatoa wahandisi, halafu tunashangaa kwamba hakuna mkono wa kukitengeneza walichokichora. Waasisi wa Institut d'Optique waliona mapema kwamba mhandisi wa lenzi asiye na fundi wa lenzi hafiki mbali.

Hawakuwa peke yao kuamka. London, chuo cha Imperial College kilianzisha idara ya optiki mwaka huohuo wa 1917. Marekani, Chuo Kikuu cha Rochester kilianzisha taasisi yake mwaka 1929, kikisaidiwa na kampuni mbili za mji ule, Kodak na Bausch & Lomb.

*Kwa ufupi: chuo kilizaliwa kwa sababu nchi iliyokuwa na nadharia nzuri ilijikuta haina vioo wala watu wa kuvitengeneza siku ilipovihitaji.*

Mkurugenzi wa kwanza

Charles Fabry aliletwa kutoka Marseille. Huko, mwaka 1899, yeye na mwenzake Alfred Perot walikuwa wamebuni kipimo cha ajabu kwa urahisi wake: vioo viwili bapa vilivyopakwa fedha nyembamba, vikatazamana kwa usawa kamili. Mwanga unaoingia katikati hudundadunda huku na huko, na ni rangi fulani tu, zile zinazolingana na nafasi iliyopo kati ya vioo, zinazofaulu kutoka kwa nguvu. Rangi zinazocheza kwenye povu la sabuni zinatokana na jambo hilohilo, mwanga kukutana na mwenzake uliorudi kutoka upande wa pili wa utando. Leo leza nyingi zimejengwa kwa mpango huo wa vioo viwili. Na leza, kwa asiyeijua, ni chanzo cha mwanga ambao mawimbi yake yote yanakwenda kwa mpangilio mmoja, ndiyo maana unabaki mwembamba na wenye nguvu hata ukienda mbali.

Mwaka 1913, akiwa na Henri Buisson, Fabry alichambua mwanga wa jua na kuthibitisha kwamba huko juu angani kuna gesi ya ozoni inayoizuia miale mikali. Tabaka la ozoni tunalofundishwa shuleni lilijulikana kwa njia hiyo. Hakuna aliyepanda kulitazama. Waliusoma mwanga uliolipitia.

Mkono na hesabu chini ya paa moja

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye tofauti kati ya kusoma mwanga na kusoma habari za mwanga.

Lenzi husuguliwa kwanza kwa unga mkali hadi ikaribie umbo lake, kisha hung'arishwa juu ya lami laini iliyopakwa unga mzuri sana, siku hizi mara nyingi wa oksaidi ya seriamu. Saa kwa saa, lami na kioo huzoeana. Lakini fundi anajuaje kwamba amefika? Rula haiwezi kumwambia. Anachukua kioo cha kipimo, chenye umbo kinyume cha lile analolitafuta, anakifuta vumbi, anakilaza taratibu juu ya lenzi na kutazama chini ya taa ya rangi moja. Kati ya vioo viwili hubaki utando mwembamba wa hewa, na ndani yake hujitokeza pete, nyeusi na angavu, zikizungukana.

Pete hizo ndizo rula yake. Kutoka pete moja hadi inayofuata, unene wa hewa umebadilika kwa nusu ya urefu wa wimbi la mwanga. Urefu wa wimbi ni umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata, na kwa mwanga wa kijani wa taa ya zebaki ni nanomita 546. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Kwa hiyo pete moja ni nanomita 273, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Fundi hubonyeza ukingo kwa kidole kimoja, anaangalia pete zinakimbilia wapi, na hapo anajua kama uso umepanda au umezama. Kisha anaondoa mkono na kusubiri. Joto la kidole peke yake limelivimbisha kioo, na pete anazoziona wakati huo zinamdanganya.

Taasisi hii imetunza karakana ya namna hiyo kwa miongo mingi, karibu na maabara zake. Vioo vya darubini EIT, inayolitazama jua kutoka kwenye chombo cha angani SOHO kilichorushwa Desemba 1995, vilipakwa tabaka zake pale Orsay, mahali chuo kilipokuwa kabla ya kuhamia Palaiseau. Kioo cha kawaida hakirudishi mwanga wa urujuanimno wa mbali, mwanga wenye mawimbi mafupi sana ambao darubini ile ilihitaji kuupiga picha. Ilibidi kupangwa tabaka juu ya tabaka, kila moja yenye unene wa nanomita chache tu.

Ukitaka kujua kipimo kikikosewa inakuwaje, kumbuka darubini ya Hubble. Ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo chenye kipenyo cha mita 2.4, kilichong'arishwa kwa ustadi wa hali ya juu na kufuata umbo lisilo sahihi. Ukingoni kioo kilikuwa kimekosewa kwa maikromita 2.2, takriban moja ya thelathini ya unene wa unywele. Picha zikaja na ukungu. Chanzo kilikuwa chombo cha kupimia: lenzi moja ndani yake ilikaa mahali pasipo pake kwa milimita 1.3. Vipimo vingine vilikuwa vimeonyesha kasoro kabla ya safari, na wahusika wakaviamini kidogo kuliko kile kikubwa. Desemba 1993 wanaanga walipanda kuifungia darubini vioo vya kuirekebisha. Wanafunzi wa optiki hufundishwa kisa hiki duniani kote, na ni haki. Kinafundisha kwamba kupima ni nusu ya kazi, na kwamba kipimo kimoja hakitoshi.

Sinema, mwezi na macho ya watu wazima

Umbo la vioo vya Hubble lina jina la watu wawili, Ritchey na Chrétien. Henri Chrétien, aliyelibuni pamoja na Mmarekani George Ritchey mapema katika karne ya 20, alikuwa mmoja wa walimu wa Institut d'Optique. Miaka ya 1920 alibuni pia lenzi aliyoiita Hypergonar. Inabana picha upande wa mlalo peke yake, ili mandhari pana yaingie kwenye mkanda mwembamba wa filamu, kisha lenzi nyingine kwenye projekta inaitanua tena. Ni sawa na kuikunja kanga ienee sandukuni: ukiifungua mwisho wa safari, maua na maandishi yake yote yapo. Watengeneza filamu waliipuuza kwa zaidi ya miaka ishirini. Televisheni ilipoanza kuwanyang'anya watazamaji, kampuni ya 20th Century Fox ikainunua haki yake na mwaka 1953 ikatoa *The Robe*, filamu ya kwanza ya CinemaScope. Pazia pana la sinema lilienea duniani kutoka hapo.

Mmoja wa wanafunzi wa Chrétien, Pierre Angénieux, alianzisha kampuni yake mwaka 1935 na kuweka kiwanda Saint-Héand, kijiji cha kwao karibu na Saint-Étienne. Lenzi zake za zumu, yaani zinazosogeza na kutenga mandhari bila kubadilisha kifaa, ziliingia kwenye kamera za sinema na televisheni kila mahali. Julai 1964 chombo cha Marekani Ranger 7 kilipojibwaga mwezini huku kikipiga picha za karibu ambazo hakuna aliyewahi kuziona, baadhi ya kamera zake zilikuwa na lenzi za Angénieux. Tawi la chuo lililofunguliwa Saint-Étienne mwaka 2003 limekaa katika eneo hilohilo lenye desturi ya lenzi.

Kwangu mimi, hata hivyo, Bernard Maitenaz ana sifa kubwa kuliko ya mwezi. Kila mtu anayevuka miaka arobaini na kitu hugundua gazeti linahitaji mkono mrefu zaidi. Lenzi ya ndani ya jicho imekakamaa, haijipindi tena kutazama karibu. Dawa ya zamani ilikuwa miwani yenye vipande viwili na mstari katikati, juu kwa ajili ya mbali, chini kwa ajili ya kusomea. Kinachokaa kati, kama uso wa mtu mnayezungumza naye mezani au bei zilizobandikwa rafuni, hakikuwa na kipande chake. Maitenaz, aliyepitia chuo hiki, alitaka lenzi moja ambayo nguvu yake inabadilika polepole kutoka juu hadi chini. Kuifikiria ni rahisi. Kuikata ni kazi nyingine, kwa sababu uso wake si kipande cha tufe, na mashine za kusugua lenzi za wakati ule zilijua tufe tu. Ilibidi abuni uso, na abuni pia mashine za kuukata. Lenzi hizo zikatoka mwaka 1959 kwa jina la Varilux. Leo duka lolote la miwani, Kariakoo au Nairobi, linauza lenzi za jamii hiyo, ziwe za Varilux au za washindani wake.

Swali lililoonekana halina kazi

Kati ya 1971 na 1974, kijana wa Kifaransa aitwaye Alain Aspect alifundisha nchini Kamerun, badala ya kutumikia jeshi. Jioni zake Yaoundé alizitumia kusoma upya fizikia ya kwanta, yaani kanuni za vitu vidogo kama atomu na fotoni. Aliporudi Ufaransa alikuwa na swali alilotaka kulijaribu, na akapata nafasi ya kulijaribu katika ghorofa ya chini ya Institut d'Optique, Orsay.

Swali lilikuwa limeachwa na Albert Einstein mwaka 1935. Kwanta inasema chembe mbili zilizozaliwa pamoja zinaweza kubaki zimefungamana hata zikitengana mbali, ukipima moja, jibu la nyingine linaendana nalo. Einstein hakuridhika. Alidhani kila chembe imebeba jibu lake tangu mwanzo, ila sisi hatulioni. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kwamba mawazo hayo mawili yanatoa hesabu tofauti, kwa hiyo yanaweza kupimwa. Aspect alipokwenda kumweleza mpango wake, Bell alimuuliza kwanza kama ana ajira ya kudumu. Wakati ule swali hili lingeweza kumharibia kijana kazi.

Jaribio lenyewe ni kazi ya mhandisi wa mwanga mwanzo hadi mwisho. Leza mbili ziliziamsha atomu za kalisi, na kila atomu ikatoa fotoni mbili, moja ya kijani na moja ya zambarau, zikaenda pande mbili tofauti. Mita 6 kila upande kulikuwa na vichujio vya polaraizesheni, yaani uelekeo ambao wimbi la mwanga linatikisika. Ukivaa miwani ya jua ya aina ya polaroidi ukaizungusha simu mbele ya macho, kwenye simu nyingi kioo kitafifia hadi kiwe cheusi. Hapo umeona polaraizesheni ikichujwa. Ugumu ulikuwa kuhakikisha upande mmoja haupati nafasi ya kuuarifu mwingine. Mwanga unahitaji nanosekunde 40, yaani sehemu 40 za bilioni ya sekunde, kuvuka mita 12. Aspect na wenzake, Philippe Grangier, Jean Dalibard na mhandisi Gérard Roger, walitengeneza swichi zilizobadilisha njia ya fotoni kila baada ya nanosekunde kama 10, fotoni zikiwa tayari safarini. Matokeo ya 1981 na 1982 yaliikubali kwanta na kuyakataa mawazo ya Einstein juu ya jambo hili. Mwaka 2022 Aspect alipata Tuzo ya Nobel pamoja na John Clauser na Anton Zeilinger.

Katika taasisi hiyohiyo, kundi la Antoine Browaeys limejifunza kuishika atomu mojamoja kwa miale ya leza iliyokusanywa na kuzipanga kwa safu. Mwaka 2019 ilizaliwa hapo kampuni ya Pasqal, inayotengeneza kompyuta za kwanta kwa atomu hizo, na Aspect ni miongoni mwa waanzilishi wake.

*Kwa ufupi: chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya darubini za vita kilitoa pazia pana la sinema, miwani ya watu wazima na jibu la swali la Einstein. Waasisi wake hawakupanga lolote kati ya hayo. Walipanga tu kwamba nadharia, kipimo na karakana visitengane.*

Ajira ziko wapi?

Wahitimu huenda kwenye viwanda vya lenzi na kamera, satelaiti, vifaa vya hospitali, magari yanayopima umbali kwa leza, mawasiliano, na utafiti. Tangu 2006 chuo kina mkondo wa ujasiriamali, ambamo wanafunzi hujenga kampuni kutokana na wazo halisi la maabara wakiwa bado masomoni. Jengo lao liko Orsay na linaitwa 503. Damae Medical, inayotengeneza kifaa cha kuitazama ngozi hadi kwenye seli zake bila kuikata, ilitoka huko.

Kwetu, mahali ambapo fotoniki imegusa mfuko wa kila mtu ni baharini. Hadi 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka huo mkongo wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na mkongo wa TEAMS ukaiunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. Ndani ya mikongo hiyo hakuna umeme unaobeba ujumbe wako. Ni mwanga wa infraredi ndani ya nyuzi za kioo zenye unene wa maikromita 125, na njia yenyewe ya mwanga katikati ya uzi ni maikromita kama 9. Kioo hicho ni safi kiasi kwamba baada ya kilomita moja bado asilimia 95 ya mwanga ipo. Baada ya kilomita 100 hubaki asilimia moja tu, ndiyo maana huko chini ya bahari kuna vikuza mwanga vilivyopangwa njia nzima.

Mtazame fundi wa faiba akiunganisha uzi uliokatika kando ya barabara. Anauvua ganda, anaufuta kwa spiriti, anaukata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa, anazitazamanisha ncha mbili ndani ya mashine, na cheche ya umeme inaziyeyusha ziwe kitu kimoja. Kisha anatuma mpigo wa mwanga ndani ya uzi na kupima mwangwi unaorudi, aone kiungo kimepoteza kiasi gani. Vijana wetu wanaifanya kazi hiyo vizuri sana. Mashine wanayoishika, uzi wanaouunga na kipimo wanachokisoma vimebuniwa na wengine, na sioni sababu ya msingi kwa nini hali hiyo ibaki hivyo.

Kabla ya kuchagua chuo

Wapo watakaokwenda nje, na wapo watakaosoma fizikia au uhandisi wa umeme hapa na kuingia kwenye mwanga baadaye. Kwa wote, kabla ya kulipa ada, nashauri wakiulize chuo maswali haya:

- Mwanafunzi hukaa maabara saa ngapi kwa wiki, na anazigusa lenzi na leza mwenyewe au anamtazama mwalimu?
- Kuna karakana na fundi wa kudumu?
- Hesabu inafika wapi? Bila uchambuzi wa Fourier, yaani hesabu ya kuvunja wimbi gumu kuwa mawimbi mepesi, milango mingi ya optiki haifunguki.
- Wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi leo?

Swali la pili mara nyingi hujibiwa kwa tabasamu na kubadilisha mazungumzo. Lirudie.

Kwa aliyekwisha kupata shahada ya kwanza na hana uwezo wa ada za Ulaya, kuna mlango ambao wengi huku hawaubishi. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, mjini Trieste, Italia, kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan kwa kuwafikiria hasa wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Huendesha kozi ya optiki wakati wa majira ya baridi, kwa kawaida mwezi Februari, na anayechaguliwa kutoka nchi zetu anaweza kusaidiwa nauli na malazi. Maombi hufungwa miezi kadhaa kabla, na barua ya mwalimu anayekufahamu maabara ina uzito kuliko ya mkuu wa idara asiyekujua.